Refa wa Meza ya Jumamosi

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi, historia hii ya mpendwa wetu inasomwa na mdogo wake wa kike, ambaye familia imemteua ingawa aliomba atafutwe mwingine, na ambaye humu atatajwa kama mdogo wake tu, kwa kuwa ndivyo historia hizi zinavyoandikwa, na kwa kuwa yapo mambo ambayo mtu huyasema vizuri zaidi akijitaja kwa mbali.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mkunga, wakafuata wawili ambao hawakuishi, kisha mwaka 1964 akazaliwa mdogo wake huyu, na mama alizoea kusema kwamba hao waliobaki ni macho yake mawili, likiumia moja na la pili hulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1975, na mwaka 1979 akahitimu chuo cha ufundi kwa stashahada ya uchoraji ramani, akisifiwa na walimu wake kwa mwandiko uliosimama wima kama askari wa gwaride, na akilaumiwa na hao hao kwa kubishana na kila kitabu kilichokosea kipimo.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ardhi, ghorofa ya pili, meza ya mwisho karibu na dirisha, akakaa hapo miaka thelathini na minane, isipokuwa mwaka mmoja tu aliohamishiwa stoo baada ya kukataa kuusogeza mpaka wa kiwanja cha mkubwa mmoja kwa upana wa kidole, na wenzake wakambandika jina la Rula, kwa kuwa hapindi, jina alilolipokea kwa furaha mpaka akalichora kwa wino kwenye kikombe chake cha chai.

Mwaka 1983 mpima ardhi mmoja mgeni alimwachia vijitabu vitatu vya mchezo ambao wengi wenu mlimsikia akiutaja bila kuuelewa, nao ni mchezo wa hadithi unaochezwa mezani, ambapo kila mchezaji huwa mhusika mmoja katika nchi ya kubuni yenye mazimwi na mapango, na mmoja wao huwa refa, anayeeleza kilichopo mbele, na jambo likiwa la bahati dadu hurushwa zikaamua. Marehemu alikuwa refa kwa namna ya zamani, yaani alichora pango lote kabla, tundu kwa tundu, akalificha, na mchezaji akikanyaga mtego alikuwa amekanyaga, kwa kuwa refa hakuwa upande wa mtu. Kila Jumamosi saa nane mchana walikutana katika chumba cha nyuma nyumbani kwake, yeye, mdogo wake aliyekuwa karani wa posta, mfamasia, fundi redio na mama mmoja mpishi wa hoteli, na mhusika akifa marehemu alisimama, akaandika jina na tarehe katika daftari, akakaa, akamwambia mwenye msiba achukue karatasi nyingine aandike mhusika mpya.

Tarehe 6 Septemba 1986, ambayo pia ilikuwa Jumamosi, alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa jirani yake, na mkewe hupenda kusema kwamba hiyo ndiyo Jumamosi pekee ambayo mchezo uliahirishwa. Mungu akawajalia mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1988, ambaye sasa ni mwalimu wa hisabati, na wa pili mwaka 1991, ambaye ni dereva wa lori, na wote wawili walijifunza kujumlisha kwa dadu.

Hapa historia inafika mahali ambapo msomaji wake angependa kuruka. Mama alifariki tarehe 2 Machi 2008, na mdogo wake kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na mhusika mmoja tu, mganga wa kike aliyempa sauti ya mama, methali za mama, na ule mwendo wa mama wa kuvuta mguu wa kushoto, hata baada ya mazishi wenzake mezani walikuwa wakinyamaza akiongea, ili wamsikie mama. Jumamosi, tarehe 14 Juni, mganga yule alifungua kasha, sindano ya sumu ikamchoma, dadu ya pande ishirini ilitakiwa ionyeshe kumi na mbili au zaidi, ikaonyesha tisa. Mdogo wake aliomba, na si kwa utani, kwamba iachwe ipite, au irushwe tena, au sumu ile iwe ya kulaza tu.

"Dadu imeshasema," marehemu akajibu, akasimama, akaandika.

Mdogo wake alitoka bila kufunga mlango, na Septemba ya mwaka huo akafungua meza yake, kwa namna mpya, ambapo kila mchezaji huandika kwanza historia ya mhusika wake, na refa huuliza mapema ni mambo gani mtu hataki kuyaona, na hakuna anayekufa bila ridhaa ya mwenyewe. Meza ile haikuwa mbaya, na leo haitasingiziwa, kwa maana yule mama mpishi, ambaye kigugumizi kilimfanya asiseme maneno kumi kwa miaka yote, aliongea pale saa nzima kama malkia, watu wakatokwa na machozi. Ubaya ni kwamba mdogo wake aliifungua Jumamosi, saa nane mchana, akijua anachofanya, akawaita wachezaji mmoja mmoja, na wa mwisho kuhama, ambaye ni mfamasia, alipouliza kama si vibaya kumwacha mzee peke yake, mdogo wake alimwambia kwamba kaka yake ni mwandishi wa vifo, aendelee kuandika, na meza nzima ikacheka.

Marehemu aliendelea kukaa katika chumba cha nyuma kila Jumamosi, ramani mezani na viti vinne vikiwa vimepangwa, na mwaka 2014 mkewe alimfuata mdogo wake posta, akasimama kwenye foleni kama mteja, akamwambia dirishani, "Wifi, nitumie hata mmoja tu, akae naye." Mdogo wake alijibu kwamba watu si vifurushi vya kutumwa, akamwita mteja aliyefuata. Wifi hakumweleza mumewe, na wala hajawahi kumlaumu mtu, na huenda leo ndiyo mara ya kwanza anasikia kwamba aliyemjibu vile alikwenda stoo ya vifurushi akalia, kisha akarudi kazini, na asifanye lolote.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2018. Mwezi Agosti 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tarehe 9 Septemba 2024 hali ilibadilika, akalazwa wodi namba nne.

Jumamosi, tarehe 28 Septemba, mdogo wake alikwenda kumwona mchana, na marehemu hakutaka kuombwa msamaha, kila mdogo wake alipoanza alimkatiza, mwishowe akasema alichokuwa nacho moyoni.

"Siku ile nilitaka sana kukudanganya," akasema. "Lakini ningekudanganya, basi yote aliyoyashinda yule mganga kwa miaka ishirini na miwili yangegeuka zawadi zangu. Nami nilitaka yabaki yake."

Kisha akaomba kitu kimoja, achezeshwe, kwa namna ya zamani, bila kuhurumiwa, naye akachagua kuwa askari mzee mwenye taa na kamba. Walicheza karibu saa nzima, mpaka askari akafika kwenye ufa uliomtaka aruke, na ili afike ng'ambo ilihitajika kumi na moja. Mkono wa marehemu ulikuwa na mpira wa dripu na miwani yake ilikuwa kabatini, hivyo mdogo wake akamrushia dadu juu ya sinia ya chakula, ikasimama kwenye sita. Akaitazama, akamtazama kaka yake shingo ilivyokuwa imekonda, akasema, "Kumi na sita."

"Kweli?"

"Kweli, kaka."

"Basi nimevuka kwa haki," akasema marehemu, akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka, na siku mbili zilizobaki aliwasimulia wauguzi wote namna alivyoruka. Alifariki Jumanne, tarehe 1 Oktoba 2024, saa nne na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi sita na siku ishirini, ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye hajui kama alichompa pale kitandani ni huruma au ni wizi, ila anajua kwamba yeye mwenyewe hakupewa uongo siku alipouomba, naye kaka hakupewa ukweli siku alipouomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyesikiliza habari za ule ufa mara tano bila kuchoka, majirani waliompeleka kusafishwa damu kwa miaka miwili kwa zamu, wafanyakazi wenzake wa upimaji waliochora kwa mkono ramani ya njia ya kuja makaburini, na mfamasia, fundi redio na mama mpishi, ambao wanaombwa wasijilaumu, waliitwa na mtu waliyemwamini.

Kaka, ilikuwa sita. Pumzika kwa amani.