Masharubu ya Rubani

Kijiwe hiki hakiko barabarani, maana Februari ya Weston, mtaa wa Toronto, haina huruma na mtu anayekaa nje kubishana. Kiko katika chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo la ghorofa kumi na nane, kwenye benchi linalotazamana na mashine sita za kukaushia: mbili zimekufa, ya tatu hukausha inapojisikia. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana hukutana hapo wanne. Yupo mzee Caetano, Mgoa wa Nairobi, aitwaye Stesheni kwa kuwa alikuwa karani wa reli enzi hizo, na ndiye mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi. Yupo Fabrice wa Bukavu, aitwaye Profesa kwa kuwa hana jambo asilolifanyia utafiti, na utafiti wote ameufanya akiwa amelala. Yupo Kemunto, nesi, aitwaye Sista, ambaye akikwambia nyamaza unanyamaza. Na yupo Crispus wa Taita, fundi umeme mstaafu asiyekanyaga chuo, aitwaye Mizani tangu siku alipokatiza theluji kwa miguu kurudisha dukani kitunguu alichozidishiwa. Ndege zinazoshuka uwanjani hupita juu ya paa, na zikipita mazungumzo husimama kidogo, kama watu wanaopisha jeneza.

Jumamosi hiyo Crispus alikuwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa anamsubiri Nkirote, msichana aliyehamia ghorofa ya tano mwezi uliopita, ambaye maktaba ya mtaa ilikuwa imempa kazi ya kutafsiri. Maktaba inaandaa maonyesho ya marubani wa kwanza, na Crispus alikuwa ameandika ukurasa mzima kwa mkono wake kuhusu ndege iliyotua shambani kwa babu yake mwaka wa thelathini na tatu. Chini ya ukurasa aliandika jina la aliyeyaona kwa macho: Wakesho binti Mwandawiro, mama yake. Jina hilo halikuwahi kuandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki, na huko nako walilikosea. Sasa lilikuwa linakwenda ukutani.

Nkirote akaingia na karatasi mkononi, akawaamkia wazee wote, akamiminiwa kahawa.

— Ukurasa wako umenifurahisha, mzee. Umenishinda mahali pamoja tu.

— Wapi tena? Mimi naandika wazi, sipindi.

— Wazi sana. Rubani alitua. Akaomba maji. Akavua miwani. Akashona bawa. Sasa Kiingereza hakipokei «alitua» hivi hivi. Kinataka niseme kama ni mwanamume au mwanamke.

Benchi zima likacheka.

— Mwanamume, binti yangu, alisema Caetano. Swali gani hilo bana?

— Mwenye masharubu, akaongeza Kemunto. Mpaka masikioni.

— Yaliyopakwa nta, alisema Fabrice. Mbuzi waliyaona wakakata kamba. Papa Crispus ametusimulia hapa miaka kumi na mitano. Hata nikiwa usingizini nayaona.

Nkirote akageuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma.

— Masharubu hayamo.

— Hayamo vipi?

— Nimesoma mara tatu. Kuna maji, kuna sindano, kuna uzi mweusi. Masharubu hakuna.

Vichwa vitatu vikamgeukia Crispus. Naye akajitia kuangalia nguo zake zikizunguka kwenye mashine, kana kwamba zingeweza kukimbia.

Ukweli aliujua peke yake. Masharubu yale yalizaliwa kwenye benchi hilihili, Jumamosi ya kwanza aliyosimulia kisa hiki, pale Fabrice alipoanza kukoroma kabla bawa halijashonwa. Crispus akayachomeka ghafla, Fabrice akaamka, na tangu siku hiyo yakawa yanaota. Mwaka wa pili yakafika mashavuni. Mwaka wa tano yakapata nta. Lakini alipoketi mezani na kalamu, mkono ulikataa. Mdomo unaweza kupita na jambo mbiombio, kalamu hukusimamisha ikakukodolea macho.

— Karatasi ilikuwa fupi, alisema.

— Nyuma kote kuko wazi, mzee.

— Basi nini! alifoka Crispus. Unatafsiri au unapima kiwanja?

Nkirote hakukasirika, na hilo lilimuudhi Crispus zaidi.

— Nauliza kwa sababu maonyesho yenyewe ni ya wanawake. Marubani wanawake wa mwanzo. Pasta wenu alisoma tangazo kanisani kwa Kiswahili, akasema «marubani wa kwanza», akaketi. Kama rubani wako ni mwanamume, ukurasa hauingii.

— Na jina la mama?

— Linatoka na ukurasa.

Ndege ikapita juu, wakaipisha. Ilipokwisha kupita, Kemunto alikuwa wa kwanza.

— Ati wanawake walikuwa wanarusha ndege mwaka wa thelathini na tatu?

— Zamani kuliko hapo, alisema Nkirote. Wa kwanza kupata leseni aliipata Ufaransa mwaka elfu moja mia tisa na kumi. Halafu yuko Mmarekani mweusi ambaye shule za kwao zote zilimkataa. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, akarudi na leseni yake. Hiyo ni mwaka wa ishirini na moja. Na kabla ya thelathini na tatu wapo waliokwisha kuruka Afrika nzima, toka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Ulaya, kila mmoja peke yake.

— Kifaransa, alisema Fabrice, akinyoosha kidole. Mmesikia? Kinachorusha ndege si petroli.

— Basi huyo wa Taita alikuwa mwanamke, alisema Kemunto. Hebu tazameni. Mwanamume akianguka shambani kwa watu, kitu cha kwanza anamtaka chifu. Huyu aliomba maji. Tena akasema asante. Mimi nimewahudumia wanaume wodini miaka ishirini, najua ninachosema.

— Wapi, Sista. Alishona bawa, alisema Caetano. Mabawa ya siku hizo yalikuwa kitambaa, mti wa miiba umelichana, yeye ameomba sindano akalishona. Sasa niambie, Nairobi nzima, barazani kwa watu, nani alikuwa anakaa kwenye cherehani? Mwanamume. Baba yangu alishonewa suti ya harusi na mwanamume, mama yangu gauni na mwanamume. Ukiona vyaelea, vimeshonwa.

— Vimeundwa, Stesheni.

— Kitambaa hakiundwi, Sista. Kinashonwa.

— Ngojeni, alisema Fabrice, akaweka kikombe chini, na wote wakajua utafiti umeamka. Nyote mko sawa na nyote mmekosea. Alikuwa mwanamke, na masharubu yalikuwepo. Alijibandika. Ulaya ilikuwa haiwapi mafuta ya ndege bila masharubu. Walikuwa wanayatengeneza kwa manyoya ya paka, wanayahifadhi kwenye kopo. Mtu anafika uwanjani, anabandika, anajaziwa, anaruka, anabandua. Hakuna namna nyingine ya kuelewa historia.

— Na juu huko upepo hauyang'oi?

— Ndiyo maana ya nta, Sista. Nani mwingine anapaka masharubu nta kama si mtu anayeogopa yasiende?

Caetano akaganda na chupa mkononi, maana jambo lilikuwa na mantiki yake.

— Tena mbuzi, aliendelea Fabrice. Kwa nini mbuzi walikata kamba? Waliona mtu ana masharubu, wakapepesa macho, wakaona hana. Nyani haoni kundule, lakini mbuzi anaona kila kitu.

— Methali hiyo haihusiki hata kidogo, alisema Kemunto.

— Itahusika mbele ya safari.

Kila neno la Fabrice lilimchoma Crispus kama waya usiozimwa. Masharubu aliyoyabuni kwa sekunde moja, ili mtu asikorome, sasa yalikuwa na paka, kopo na sera ya mafuta ya Ulaya.

Kemunto akamsogelea, akashusha sauti ya wodini, ile anayoitumia kumwambia mgonjwa kwamba haitauma.

— Mzee wangu. Mama yako alisema nini hasa?

— Alisema rubani. Alisema yule. Kidawida chetu cha Taita hakina mwanamume wala mwanamke kwenye «yule», kama Kiswahili. Nilikuwa mtoto, sikuuliza.

— Na masharubu?

Mashine ya kukaushia ikalia kwamba imemaliza. Hakuna aliyeinuka.

— Niliyaweka mimi, alisema Crispus.

Ikawa kama mtu amezima taa. Fabrice akainama mbele.

— Papa. Hata nta?

— Hata nta.

— Na mbuzi?

— Mbuzi walikuwepo. Hawakukata kamba. Walikuwa wanakula.

— Kwa hiyo mimi nimefanya utafiti juu ya hewa, alisema Fabrice taratibu, kwa huzuni ya kweli.

— Miaka kumi na mitano, alisema Caetano. Mtu aliyerudisha kitunguu.

Hilo ndilo lililompata. Crispus aliwahi kumfokea mtu njia nzima kwa kuzidisha chumvi kwenye habari za mvua. Alihisi masikio yanawaka, na hasira ikamtafuta wa kumwangukia. Haikupata mtu ila mwenyewe.

— Semeni mtakavyo, alisema. Nimesema nimeyaweka, basi nimeyaweka.

Kemunto akamshika bega.

— Sasa hapo ndipo Mungu amekufungulia, mzee. Masharubu yameondoka. Kilichobaki hakimkatazi rubani kuwa mwanamke. Nkirote aandike mwanamke, Mama Wakesho aingie ukutani, tufunge kikao. Nani atakwenda Taita kuchimba?

— Hakuna, alisema Caetano. Mimi mwenyewe nasahau cherehani kuanzia sasa.

— Utafiti unaunga mkono, alisema Fabrice.

Nkirote alishika kalamu juu ya karatasi, akamtazama Crispus na kusubiri. Crispus naye akamwona mama yake ukutani, herufi zilizochapwa, nyeusi, zisizofutika, watu wa Toronto na makoti yao wakilisoma na kulikosea jina lake kwa heshima. Angetikisa tu kichwa. Hata kusema hakukuhitajika.

— Hapana, alisema.

— Mzee…

— Nimesema hapana, Sista. Nilimvika masharubu bila kujua. Leo nimvike sketi bila kujua? Yule ni mtu, si sanamu ya dukani. Andika rubani, binti. Kila mahali penye rubani, andika rubani.

— Kiingereza kitalalamika, alisema Nkirote. Itabidi nirudie neno mara kumi na mbili.

— Kilalamike. Kiswahili kimekaa nacho hapa miaka yote hakijalalamika.

— Na wakikataa ukurasa?

Crispus akafunga kifungo cha juu cha shati la kanisani.

— Wakatae. Mama hakuwahi kuingia mahali kwa mlango wa nyuma.

Nkirote akaandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, na benchi likamtazama kama linalotazama mtu akishona kidonda. Fabrice akammiminia Crispus kahawa bila kuombwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie jengo lile. Caetano akavuta nguo za Crispus kutoka kwenye mashine, akaanza kuzikunja magotini mwake, kola kwa kola, kama afanyavyo mtu asiyetaka kuondoka.

— Nimefika mstari wa mwisho, alisema Nkirote.

— Upi? aliuliza Kemunto. Mwisho si ndege inaruka, babu anapunga kofia?

— Kwenye karatasi kuna mwingine.

— Hatujawahi kuusikia.

Ilikuwa kweli. Benchini kisa siku zote kilikwisha na ndege ikipaa, watu wakipiga makofi. Mstari ule Crispus hakuusimulia kwa sababu haukuwa na kichekesho. Aliuandika tu kwa sababu mama yake hakuumaliza usimulizi hata mara moja bila kuusema.

Nkirote akausoma kwa sauti:

— «Siku ya pili yake mama akasema, kama yule ameweza, akachukua baiskeli ya katekista, akaondoka nayo peke yake. Alikuwa na miaka tisa. Alirudi jioni.»

Kemunto akaziba mdomo kwa kiganja.

— Miaka tisa, alisema Caetano. Baiskeli ya mtu mzima. Miguu ilifikaje?

— Alipita katikati ya fremu, alisema Crispus. Alichapwa viboko sita. Alikuwa anavihesabu akicheka.

Nkirote akainua kalamu.

— Mzee, alikwenda wapi?

Crispus akafungua kinywa kujibu, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu kilicho rafuni siku zote. Hakukuwa na kitu. Miaka yote alikuwa ameuliza habari za ndege: rangi yake, sauti yake, miti ilivyolala. Alikuwa ameuliza uzi ulikuwa wa nani. Mama alikuwa hai mpaka yeye ana miaka hamsini na moja, akimenya viazi mbele yake kila alipokwenda likizo, na kila mara alisema mstari ule, kisha akanyamaza kidogo, kama anayengoja.

Fabrice akavuta pumzi kusema neno. Crispus akamtazama. Fabrice akaitoa pumzi polepole, akachukua soksi moja mapajani kwa Caetano, akaanza kuitafutia mwenzake.