Maman Isimbi na Gari Lisilokataa Mzigo

Tumekuja kumsindikiza dada yetu mkubwa, Mukantwari Drocella, ambaye majirani wote wa Kamembe walimwita Maman Isimbi. Alizaliwa hapa Mibirizi tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ntabaza na Maman Nyiraneza. Mimi Harelimana, mdogo wake, ndiye niliyepewa kusoma haya. Nitajitahidi kutowachosha, maana yeye hakuwapenda watu wa maneno marefu.

Alisoma hapahapa Mibirizi, akamaliza sekondari mwaka 1999. Tangu 2003 alipima saruji katika maabara ya kiwanda huko Bugarama. Mwaka 2005 alifunga ndoa na Niyomugabo, mwalimu, mtu mtaratibu kuliko wote tunaowajua. Mungu akawajalia Isimbi.

Mwaka 2015 alinunua gari jekundu la michezo, la milango miwili. Tulidhani amepagawa. Kila asubuhi alishuka nalo kazini Bugarama, na kwetu anayesafiri hutumwa: alibebeshwa unga, viatu vilivyoshonwa, hata jogoo. Lakini zilikuwepo Jumamosi ambazo wenye magari ya namna hiyo walitengewa kiwanja kule Bugarama, wakayakimbiza kwa zamu, na siku hiyo gari lilitakiwa kuwa jepesi. Ijumaa jioni alibadili mafuta na pedi za breki, akapima upepo wa matairi, akang'oa kiti cha nyuma na kuteremsha gurudumu la akiba. Asubuhi majirani walikuja na mizigo yao kama kawaida. Niyomugabo alinung'unika; yeye hakuipokea hata siku moja. Dada aliipokea yote, akaipanga kando ya kiwanja, akakimbia, kisha akaifikisha kwa wenyewe.

Alipougua saratani ya ini mwaka 2024, Niyomugabo alitaka kuliuza gari. Hilo lilimuuma dada kuliko sindano. Wauguzi waliomtunza tunawashukuru sana. Daktari alimkataza kuendesha, hakumkataza kupanda. Basi Julai mwaka huu mwalimu wetu alitengeneza breki na matairi kwa mikono yake, mkewe akimwelekeza kutoka kwenye kiti uani. Jumamosi tarehe 12 akamzungusha kiwanjani polepole mno. Kwenye kona ya pili harufu ya sambaza ikajaa garini. Asubuhi ile Maman Shadia, jirani yao, alikuwa amemkabidhi Niyomugabo kapu la samaki hao, naye akaliweka nyuma bila kufikiri. Dada alicheka mpaka akashika ubavu.

"Papa Isimbi, ulikubali muzigo," alimwambia. "Sasa gari iko yako. Usiiuzishe."

Alifariki nyumbani Kamembe, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025. Ameacha mume, binti yake Isimbi, mama yetu, nami mdogo wake. Tumefaidi mengi kwake, na tunamshukuru Mungu aliyetuazima mtu wa namna hii.

Niyomugabo ameniomba nitangaze jambo moja. Jumatatu anashuka Bugarama na gari jekundu, kuwashukuru waliofanya kazi na dada maabarani. Mwenye mzigo aulete mapema.

Nawe Maman Isimbi, pumzika kwa amani. Mizigo ya kwako yote imefika.