Silaji ya Bi Mapema

Wasikilizaji wapendwa, kipindi mnachokisikia sicho nilichokiandaa. Mchana wa leo mlango wa ofisi yetu ulisukumwa, akaingia mama nisiyemjua. Alivaa mabuti ya mpira yenye matope, na mkononi alishika mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba. Hakuketi. Aliuweka mfuko mezani kwangu, akaufungua, na chumba kizima kikanukia uchachu mtamu, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Nusa," akaniambia. "Silaji hii ni ya wifi yangu. Tumemzika juzi. Nimekuja kusema sentensi moja redioni, kisha niende zangu nikakamue."

Sentensi gani, mama?

Akaufunga mfuko upya. "Mwanangu, nipe maji kwanza."

Amekunywa maji. Amekunywa na chai. Yuko nami hapa studioni, mabuti ameyaacha mlangoni, na sentensi yake bado hajaisema. Basi akiwa anajikusanya, niwasimulie habari za marehemu, kama nilivyozipata kwake, na kwa binti wa marehemu niliyempigia simu.

Marehemu alikuwa mfugaji. Watu walimwita Bi Mapema. Mgeni wangu aliolewa na kaka yake, na nyumba zao zilipakana, katikati pana ua wa miti uliokatwa usawa wa kifua. Kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake, shamba lake la mahindi ya malisho, na shimo lake la silaji. Kwa msiofuga: mahindi hukatwa yangali mabichi, mabua na yote, yakapitishwa kwenye mashine ya kukatakata, yakashindiliwa shimoni na kufunikwa hewa isipenye. Yanachachuka taratibu. Kiangazi kikija, ng'ombe anakula kama vile mvua haijakatika.

Mambo yaliharibika kwa kikombe cha chai. Mama mzazi wa Bi Mapema alikunywa chai kwa mkwewe, akasema mbele za watu, "Maziwa ya hapa mazito. Ya kule kwa binti yangu ni ya kusuuzia vikombe."

Bi Mapema alisikia. Ua ule hauzuii sauti. Jioni akamwambia binti yake, "Tumbo lililonizaa mimi linashiba kwa mtu baki."

Tangu siku hiyo, wasikilizaji, hakulitazama tena shamba lake. Alilitazama la wifi yake. Kila asubuhi alikwenda uani na mswaki mdomoni, akachungulia. Msimu huo alimwona wifi ananoa mapanga, na roho ikamruka. Akawahi kuikodi mashine, akakata mahindi yote siku ileile. Punje zilikuwa bado maji matupu. Ukizibonyeza, zinakurukia usoni. Yeye hakujali. Amewahi, basi.

Mahindi machanga yana maji mengi. Shimo lilivuja. Mchuzi mweusi ulitoka chini ya turubai, ukachuruzika hadi njiani, na utamu wote wa malisho ukaenda nao. Silaji iliyobaki ilinuka vibaya. Ng'ombe walinusa, wakageuza vichwa.

Wifi akasimama uani. "Wifi, naona umechimba kisima."

Jina la Bi Mapema lilizaliwa siku hiyo.

Msimu uliofuata aliapa hatakuwa na haraka. Alingoja wifi akate. Akangoja wifi afunike shimo. Akangoja tena, mahindi yake yazidi uzito, watu waone. Majani yakakauka, yakawa yanalia kama karatasi, na punje zikawa ngumu kama kokoto. Alipoyashindilia shimoni yaligoma kushikana. Ukikanyaga hapa, yanainuka pale, kama godoro. Hewa ikabaki ndani, ukungu mweupe ukaota. Na punje zile ngumu ng'ombe hawakuweza kuzisaga. Ziliingia nzima, zikatoka nzima. Kuku wa ng'ambo ya ua walihamia zizini kwake, wakawa wanashinda wakipekua kinyesi.

"Wifi, asante," ikaja sauti. "Kuku wangu wamenenepa."

Mgeni wangu hapa anacheka kidogo, huku anafuta macho.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Silaji nzuri hukaa katikati ya methali hizo mbili, na nafasi yenyewe ni finyu. Bi Mapema aliikosa mara mbili, mapema na kuchelewa, kwa sababu ileile moja: wivu.

Binti yake ndiye aliyemsemesha. "Mama, wewe unalinda shamba la mke wa mjomba. La kwako analilinda nani?"

Alinuna siku nzima, binti anasema. Kisha akauacha ua. Msimu wa tatu akawa anaingia katikati ya mahindi yake mwenyewe, anavunja hindi vipande viwili, anabonyeza punje kwa ukucha. Ikirusha maji, anaondoka. Siku alipoona nusu ya punje imekuwa unga na nusu ingali maziwa, akakatakata mmea mmoja, akaufinya kiganjani. Haukudondosha tone. Alipofungua mkono, donge likaachia polepole, kama mtu anayeamka. Akaita mashine.

Na upande wa pili wa ua, je? Wifi alikuwa amezoea kuchunguliwa. Sasa hachunguliwi tena, akakosa raha. "Huyu kapata siri gani?" Akaanza kuchungulia yeye. Ukimwona Bi Mapema anaingia shambani na kutoka, na kuingia tena, utadhani kesho anakata. Wifi akatangulia. Akakata mahindi machanga.

Mama hapa anatikisa kichwa kunikatalia. Binti wa marehemu kaniambia hivyo, mama. Haya, ameacha kutikisa.

Shimo la Bi Mapema lilipofunguliwa, mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani, hajiwezi. Walimpelekea konzi ya silaji ainuse, akalala nayo; asubuhi waliikuta kando ya mto wake wa kulalia. Wifi ndiye aliyekuja kumuuguza, akamkamulia na ng'ombe wake. Siku moja mgonjwa akamuuliza, "Umeyaona maziwa ya ng'ombe wangu?"

"Nimeyaona."

"Basi sema."

"Ugua pole, wifi."

"Mama amekunywa chai wapi leo?"

Wifi akainama, akatandika shuka. "Kwako."

Bi Mapema akafumba macho kwa raha. Kisha akasema, "Nikifa, nenda redioni. Sema silaji yangu imeishinda yako. Na usiongeze *lakini*. Nakujua."

Wifi aliahidi.

Sasa mjue jambo hili. Mgeni wangu huuza silaji kwa mifuko. Wateja wake wanatusikiliza. Redio ziko mazizini, na huu ndio msimu wa kuagiza.

Kwa mama mzazi wa marehemu, kwa kaka yake, kwa binti yake: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, unayehesabu ya jirani, naamini hujachelewa. Kesho ingia shambani kwako, uvunje hindi lako mwenyewe.

Mama, kipaza sauti hiki hapa.

"Mimi ni wifi wa Bi Mapema. Mnanijua, mnanunua kwangu. Wifi yangu alikata mahindi yake kwa wakati wake. Silaji yake imeishinda yangu."

Wasikilizaji, simu yake imeanza kutetemeka mezani. Ameitazama, anasema ni mteja. Haipokei. Mdomo umefunguka tena, na sote tunalijua neno linalokuja.

Ameufunga.

Anavaa mabuti. Ng'ombe wa wifi yake hawajakamuliwa.