Duara la Nerys na Suala la Choo

Mfuniko wa sufuria uligongagonga gizani, maana taa za ghorofa ya juu ya basi zilikuwa zimezimika. Sufuria hiyo ya ibada ilikuwa ya Nerys, mchawi kwa dini, mwabudu miungu ya kale, kama wengine walivyo Wamethodisti. Jioni hiyo angeongoza ibada kwa mara ya kwanza, sebuleni kwake, katikati ya jiji la Cardiff. Kando yake alikaa Glenys, mchawi mwenzake, na nyuma yao abiria aitwaye Carys, aliyempakata mwanawe mdogo, alitega sikio bila aibu.

“Shoga, nikishachora duara la ibada hatoki mtu mpaka tuiage miungu,” alisema Nerys. “Na choo je?” akauliza Glenys. “Kiko nje ya duara.” “Basi siji. Kibofu changu kimezeeka, hakijui miungu.”

“Usinifanyie hivyo! Usipokuja nitabaki na paka.” “Basi nikatie mlango kwenye duara kwa kisu cha ibada, kama wanavyofanya wenzako.” “Kila ukitoka, nguvu zote zitamwagikia kwa jirani!” “Zimfae, ana mafua.”

Carys aliuma skafu asicheke, ingawa alimwonea huruma Nerys. Basi likasimama. Mtoto akasema kwa sauti, “Mama, nimeshakojoa.”