Pilau Langu Lililoogopwa

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Wengi mnanijua kwa maandazi yangu pale Kiembe Samaki. Leo nimesimama kwa jambo tusilolisema kanisani, yaani tumbo na choo. Mnivumilie.

Baba yetu alikufa kwa ugonjwa wa tumbo akiwa bado na nguvu za kulima kule Kidichi. Akafuata kaka yangu Simoni, tumbo hilohilo. Wote wawili niliwauguza mimi, niliwapikia mimi. Maneno yakaanza kwamba mkono wangu una kitu. Mdogo wangu Yohana, niliyembeba mgongoni, akaacha kula kwangu. Krismasi nikampelekea pilau. Akalipokea kwa adabu, akasema, "Nshakula, dada." Kesho yake nikalikuta nyuma ya nyumba yake, kuku wanadonoa. Niliumia, ndugu zangu! Nikamlilia Mungu anisafishie jina.

Akajibu kwa njia ambayo nisingeichagua. Nilianza kuona damu chooni. Nikajiambia ni bawasiri, nikanywa mitishamba mpaka nikakonda, maana aibu ya kumvulia daktari nguo ilinizidi. Mke wa mchungaji ndiye aliyenishika mkono mpaka hospitali. Wakanipima kwa kamera, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Ilikuwa saratani, lakini bado changa. Wakaukata, wakaupeleka maabara.

Majibu yalipotoka, daktari akaniuliza nani mwingine kwetu aliyeumwa hivyo. Nikamweleza. Akasema seli za mwili zinapojigawa hunakili vinasaba, na katika kunakili makosa hutokea. Ziko protini zinazoyatoa makosa hayo, kama mtu anavyochagua mchele. Katika uvimbe wangu protini moja haikuonekana kabisa, makosa yakarundikana, seli zikaota ovyo. Kipimo cha damu kikaonesha hitilafu hiyo nimezaliwa nayo, na yaelekea ilitoka kwa baba.

"Kwa hiyo si pilau langu?" nikamwuliza.

Akashangaa. "Pilau gani, mama?"

Nililia kwa furaha, na mgonjwa wa saratani ni mimi! Kisha akaniambia Yohana naye anaweza kuwa nayo, na akiwahi kuchunguzwa atasalimika. Furaha ikakatika. Nani angemwambia, kama si mimi, ambaye yeye ananiogopa?

Nikaenda kwake na mshono wangu, mikono mitupu nisije nikamtisha. Nikamwambia, "Usile kwangu maisha yako yote, mdogo wangu, lakini nenda ukapimwe."

Na kweli alikwenda. Wakamkuta na vinyama vidogo vimeanza kuota, havijawa saratani, wakaviondoa.

Ndugu zangu, ukiona damu usijifiche. Mtumaini Mungu, na nguo umvulie daktari. Namshukuru Yesu aliyeuponya mwili wangu na jina langu. Jumapili iliyopita Yohana alikuja bila kualikwa, akakaa mkekani. Nikampakulia. Akala, akamaliza, akachungulia sufuria.

"Dada, ukoko umebaki?"

Nikampa wote.