Waya Usio na Fundo

Sabiri: Haloo? Nani mwenzangu?

Hafsa: Asalaam alaykum.

Sabiri: Waalaykum— aa! Mama Miraji! Namba ngeni hii, ningejuaje? Hujambo? Mtoto hajambo?

Hafsa: Mtoto hajambo. Ila usiniite Mama Miraji leo. Nimempigia fundi umeme, sikumpigia mume.

Sabiri: Mh. Umeshaanza.

Hafsa: Niko Chumbageni kwa mama, mbele ya lori la marehemu baba. Fundi Fanueli amelala chali chini ya dashibodi. Tunataka kuunga hizo waya ulizoziacha zinaning'inia.

Sabiri: Fanueli yupi? Yule wa Mabawa wa kutengeneza redio?

Hafsa: Redio aliacha zamani, sasa ni magari.

Sabiri: [anacheka] Haya. Mpe pole.

Hafsa: Usicheke, Sabiri, wallahi usinichekee. Injini umeifunga wewe, imekaa vizuri, sikatai. Lakini waya! Lori la enzi za mkonge, injini ya Kijapani ya juzi. Waya za injini zina rangi zake, za lori zina rangi zake, halafu pale katikati umeunganisha nyekundu tupu, mwanzo mpaka mwisho! Mtu ajue vipi ipi ni ipi?

Sabiri: Roli ya waya ilikuwa moja. Na wewe ulikuwa unanikimbiza.

Hafsa: Nilikukimbiza ufanye. Sikukwambia ufiche.

Sabiri: Nimeficha nini? Si nimeweka alama? Kila waya nimeufunga vifundo vya—

Hafsa: Vya uzi wa kijani wa cherehani yangu, ndiyo, nimeviona. Kimoja, viwili, vitatu. Kimoja ndiyo nini? Viwili ndiyo nini? Juzi nilileta fundi mwingine akabahatisha, dashibodi ikafuka moshi, mama akatoka mbio na ndoo ya maji ya kufulia.

Sabiri: Si ungenipigia?

Hafsa: Si ndiyo nimekupigia? Mdomo mchungu kama shubiri, lakini nimekupigia.

Sabiri: Haya, usipandishe sauti.

Hafsa: Machungwa yameshachumwa, Sabiri. Yamelala Muheza chini ya makuti tangu jana. Wale akina mama wenye machungwa wamenivumilia wee, leo wamesema basi. Nisipofika alasiri hii wanapakia kwenye lori jingine, na likipakia leo ndilo litakalopakia msimu mzima. Mimi na mama na mwanao tutatazamana.

Sabiri: Lori jingine la nani?

Hafsa: Nijuaje? Wanasema lipo hapohapo, limeegeshwa linasubiri.

Sabiri: [anakohoa] Aa.

Hafsa: Mbona kelele hapo? Uko wapi?

Sabiri: Nyumbani.

Hafsa: Nyumbani kwa nani? Kwa Hasina?

Sabiri: Hasina muache. Hasina hajakukosea.

Hafsa: Kweli, hajanikosea. Aliyeondoka hapa na bisibisi mfukoni akasema anakwenda dukani kununua tepu si Hasina. Nimekaa na chai yako inapoa mezani, watu wananiletea habari za ndoa Muheza!

Sabiri: Ningekwambia ungekubali?

Hafsa: Sasa umeniona nimekubali? Kifundo kimoja ni nini?

Sabiri: Hafsa—

Hafsa: Kifundo kimoja!

Sabiri: Ni wa swichi. Unatoka kwenye ufunguo.

Hafsa: Fanueli! Kifundo kimoja, ufunguo! ... Ameupata. Viwili?

Sabiri: Stata. Mwambie asiuguse na bodi, utacheua cheche.

Hafsa: Viwili stata, fundi, usiuguse na bodi! ... Vitatu?

Sabiri: Chaji. Unakwenda kwenye altaneta na kwenye kile kitaa chekundu cha— [mkwaruzo] —kile cha zamani.

Hafsa: Sauti imekatika. Cha nini?

Sabiri: Kitaa cha zamani cha baba yako. Sikukitoa. Nilijua hutapenda kikitolewa.

Hafsa: Vitatu, Fanueli. Chaji, na kitaa cha baba.

Sabiri: Umenisikia lakini? Nilikiacha kwa ajili yako.

Hafsa: Umeacha vingi. Huu wa mwisho ni wa nini? Hauna fundo hata kimoja.

Sabiri: Huo...

Hafsa: Unatoka kwenye pampu ya dizeli, unakuja mpaka ndani, unaishia hewani. Fanueli anasema lazima ni wa kuzimia.

Sabiri: Wa kuzimia, ndiyo. Ile injini ya mzee ulikuwa unavuta kamba chini ya usukani, inazima. Hii haina kamba, hii inazimwa kwa umeme. Inataka relei, kile kiswichi kidogo cha umeme.

Hafsa: Relei ipo wapi?

Sabiri: Ninayo mimi.

Hafsa: Unayo wewe.

Sabiri: Ilibaki kwenye mfuko wa suruali.

Hafsa: Ilibaki, au uliibakisha?

Sabiri: Sikiliza, tusigombane. Leo msiwashe. Mimi kesho baada ya swala ya Ijumaa nakuja mwenyewe, nafunga relei, nakaa na mama, tunayamaliza.

Hafsa: Machungwa ni leo.

Sabiri: Machungwa yatakuwapo hata mwakani! We naambiwa umekwenda kwa kadhi kudai talaka. Umekwenda?

Hafsa: Nimekwenda.

Sabiri: Basi kamwambie umeghairi. Ukighairi, nakuja na relei. Sikatai kuja, Hafsa. Mimi bado mumeo.

Hafsa: Kwa hiyo ndiyo maana hukuufunga fundo.

Sabiri: Nini?

Hafsa: Ulipokuwa unafunga zile nyingine, na uzi wangu, nimekaa hapo na kurunzi nakumulikia. Ulishajua unaondoka. Ulishajua kipi utachukua ili nikupigie.

Sabiri: Sasa hayo unayatoa wapi?

Hafsa: Kurudi uishi nami hutaki. Kuniacha nikaishi zangu hutaki. Niambie basi unachotaka ni nini, maana mimi nimechoka, Sabiri! Nimechoka kukaa kwenye mlango wa watu kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua!

Sabiri: Punguza sauti, mama atasikia.

Hafsa: Mama amesimama hapa. Anasikia tangu mwanzo.

Sabiri: Astaghfirullah. Mpe shikamoo yang—

Hafsa: Nani huyo?

Sabiri: Nani?

Hafsa: Huyo hapo nyuma. Amekuita shemeji.

Sabiri: Ni watu tu wanapita.

Hafsa: Amesema, "Shemeji, akina mama wanauliza, tufungue turubai tuanze kupakia?"

Sabiri: [mkwaruzo] —mtandao, sikusikii vizuri—

Hafsa: Unanisikia. Lori ni la kaka yake Hasina. Na wewe umekaa hapo, juu ya machungwa yangu, unasubiri niseme haliwaki.

Sabiri: Mimi nimekuja kuwasaidia kupakia tu, Hafsa, wallahi, kama ungefika—

Hafsa: Fanueli! Bila huo waya usio na fundo, inawaka? ... Anasema inawaka.

Sabiri: Msiwashe!

Hafsa: Anasema inawaka vizuri tu, ila ufunguo hautaizima. Tukitaka kuizima tutaizima kwa gia.

Sabiri: Hafsa, usimsikilize huyo wa redio, hiyo haijajaribiwa! Nani ataendesha? Dereva unaye?

Hafsa: Lori la baba yangu, unaniuliza nani ataendesha? Miguu yangu ilipofika tu kwenye klachi, nilikaa kwenye kiti hiki. Fanueli, toa kichwa! Mama, sogea na Miraji!

Sabiri: Hafsa, ngoja kwan—

Hafsa: [stata inalia, inasita, inalia, injini inawaka] Unaisikia?

Sabiri: Naisikia.

Hafsa: Safi, eh? Fundi ni fundi, sitakunyima sifa yako. Mwambie shemeji yako asifungue turubai.

Sabiri: Mama Miraji, tuongee kwanza.

Hafsa: Tutaongea hapohapo. Nakuja nayo hivi hivi ikinguruma mpaka kwenye lile lundo, siizimi. Wapakie ikinguruma. Na mimi nitashuka nije nikuombe changu mbele ya akina mama wote, na shemeji yako, na Hasina akitaka kuja aje.

Sabiri: Chako kipi? Relei? Relei nitakupa! Nakupa sasa hivi, namtuma mtu wa bodaboda ailete!

Hafsa: Relei kaa nayo.

Sabiri: Tusiaibishane mbele za watu, Hafsa. Nakuomba. Mimi hapa ni mkwe wa watu—

Hafsa: Salio linaniishia. Panda, Fanueli.

Sabiri: Hafsa! Haloo? Haloo? ... Hapana, shemeji. Acheni kwanza turubai. Anakuja.