Baba Elisée Akabidhi Kamba ya Wazamiaji

Tarehe 31 Agosti 2018, Baba Elisée Bahati anastaafu baada ya miaka ishirini na moja katika studio yetu ya picha za wanyama wa chini ya barafu. Wenzake tunampongeza, na tunaogopa.

Alianza kama mlinzi wa mlango wetu hapa katikati ya jiji la Johannesburg. Msimu mmoja mshika kamba aliugua siku ya safari, naye akachukuliwa kuziba pengo. Kuogelea hajui mpaka leo. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya barafu ya Antaktika, kando ya tundu, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mzamiaji aliye chini na kamera. Mzamiaji akiitikisa kamba, ni mzima. Kamba ikinyamaza, Baba Elisée hakuwa na subira hata kidogo: alivuta.

Kwa tabia hiyo ametukosesha picha nyingi. Mwaka 2016 alimtoa François, mpiga picha wetu mkuu, wakati uleule sili alipokuwa akimfundisha mwanawe kuogelea. François alinuna mpaka Cape Town. Lakini pengwini na sili wetu wamepamba magazeti na kalenda, na hakuna mzamiaji tuliyewahi kumwacha kule chini.

Mrithi wake ni mimi, Kidawa, niliyezoea kuchaji betri. Kwenye mazoezi ya kwanza, katika bwawa la kuogelea la mtaa wa La Rochelle, hapahapa Johannesburg, kamba ya François ilinyamaza nami nikasubiri, nisimharibie bosi picha. Baba Elisée aliruka kutoka kwenye benchi, akaninyang'anya kamba na kumvuta François yeye mwenyewe. “Eish, dada!” akaniambia. “Picha ziko mingi. François iko mmoja tu.” Siku hiyo alikataa kustaafu, nami nililia njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi iliyopita tulirudia. Kamba iliponyamaza sikuwaza picha wala bosi; nilivuta kwa nguvu zangu zote. François akaibuka mzima wa afya, amefura kwa hasira. Baba Elisée alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema sasa anaweza kwenda, akachukua jaketi lake na kurudi zake nyumbani, mtaa wa Joubert Park.

Asante sana, baba. Tunakutakia mapumziko mema pamoja na mkeo, Mama Victoire, na chakula cha moto kila siku. Novemba François anazama tena, na kamba ninayo mimi. Wewe lala usingizi, wasiwasi niachie.